Kwa nini B+ ya Garsen haifungui kila mlango wa chuo kikuu

MATOKEO ya Mtihani wa Kitaifa wa Kidato cha Nne (KCSE) yanapotangazwa, swali la kwanza ambalo mtahiniwa wa Garsen huulizwa na jamaa zake ni moja: umepata ngapi? Akijibu kwamba amepata B+, vigelegele husikika hadi kwa majirani, na wazee huanza kumwita mhandisi au wakili kabla hata hajatuma maombi ya kujiunga na chuo.

Miezi michache baadaye, huenda kijana huyo akapata kwamba ameteuliwa kusomea kozi ambayo hakuiwazia, ilhali mwenzake mwenye alama iyo hiyo ameitwa kusomea uhandisi. Familia hushangaa, na wengine hunong'ona kuwa pana mkono wa mtu. Mara nyingi hapana mkono wa mtu. Kilichoamua ni hesabu ambayo wazazi wengi hawajaelezwa, na ambayo ilianza kumfunga mwanafunzi tangu alipochagua masomo mwishoni mwa kidato cha pili.

Makala haya yanaeleza jinsi alama za shule ya upili zinavyotumika kugawa nafasi za vyuo vikuu nchini Kenya, na maana yake kwa mwanafunzi anayesomea kando ya Mto Tana.

ALAMA YA WASTANI

Katika KCSE, kila somo hupewa gredi kuanzia A hadi E, na kila gredi ina pointi zake. A ni pointi 12, A- ni 11, B+ ni 10, B ni 9, B- ni 8 na C+ ni 7. Hesabu huendelea kushuka hivyo hadi E, ambayo ni pointi 1.

Masomo saba ndiyo huhesabiwa, kwa hivyo jumla ya juu kabisa ni pointi 84. Mwenye jumla ya pointi 46 hadi 52 hupata wastani wa C+, na hicho ndicho kiwango cha chini cha kujiunga na kozi ya shahada. Mwenye pointi 67 hadi 73 hupata B+. Yaani, watahiniwa wawili wanaweza kutofautiana kwa pointi sita na bado vyeti vyao vikaonyesha alama moja.

Utaratibu wa kupata wastani ulibadilishwa kuanzia mtihani wa 2023. Awali, Hisabati, Kiingereza na Kiswahili yote yalihesabiwa kwa lazima, pamoja na sayansi mbili, somo moja la kijamii na jingine moja. Sasa kinachohesabiwa ni Hisabati, lugha moja ambayo mtahiniwa amefanya vizuri zaidi, na masomo mengine matano aliyofaulu zaidi.

Idadi ya waliofikisha C+ na zaidi iliongezeka kutoka 173,345 katika mtihani wa 2022 hadi 201,133 mwaka 2023, kisha 246,391 mwaka 2024. Kadiri wanaofikisha C+ wanavyozidi kuwa wengi, ndivyo alama hiyo pekee inavyopungua nguvu ya kumtofautisha mtu na mwenzake katika kozi zinazong'ang'aniwa.

MASOMO MANNE YENYE UZITO

Baada ya alama ya wastani, jambo la pili ni kundi la masomo. Kila kozi ya shahada ina masomo manne yanayoangaliwa kwa jicho la pekee. Kwa uhandisi, kundi hilo lina Hisabati, Fizikia, Kemia na somo jingine moja. Kwa udaktari, huangaliwa Biolojia, Kemia, Hisabati au Fizikia, na lugha moja kati ya Kiingereza na Kiswahili.

Isitoshe, kozi nyingine huweka kiwango cha chini katika somo mahususi. Anayetaka kusomea sheria hutakiwa kuwa na angalau B katika Kiingereza au Kiswahili. Anayetaka kuwa mwalimu wa shule ya upili anahitaji angalau C+ katika masomo mawili atakayofundisha. Mwenye wastani wa A- ambaye hakusoma Fizikia hawezi kuingia katika uhandisi, hata angekuwa wa kwanza katika kaunti nzima.

Pointi za masomo hayo manne, ambazo haziwezi kuzidi 48, huunganishwa na jumla ya masomo saba ili kupata kile kinachoitwa pointi za kundi. Fomula iliyojulikana shuleni kwa miaka mingi ni hii: gawanya pointi za masomo manne kwa 48, gawanya jumla ya masomo saba kwa 84, zidisha majibu hayo mawili, tafuta kipeuo cha pili, kisha zidisha kwa 48.

Tuchukue mfano wa watahiniwa watatu wa shule moja. Wote wana jumla ya pointi 70, yaani B+ iliyo sawa kabisa, na wote wanataka uhandisi.

Wa kwanza ana pointi 43 katika masomo manne ya kundi hilo. Pointi zake za kundi ni 41.47.

Wa pili ana pointi 40 katika masomo hayo. Anapata 40.00 kamili.

Wa tatu alipata alama zake za juu katika Historia, Dini na Kilimo, na katika masomo manne ya uhandisi ana 37 pekee. Anapata 38.47.

Tofauti ya pointi tatu kati ya wa kwanza na wa tatu ni kubwa mno katika mashindano haya, kwa sababu nafasi hugawanywa hata kwa sehemu ndogo ya pointi moja. Hata hivyo, huyo wa tatu si mwanafunzi dhaifu. Akiomba kozi ambayo kundi lake lina masomo aliyofanya vyema, huenda akawapita wenzake wote wawili. Kosa lake litakuwa kuomba kozi kwa kuangalia B+ yake bila kuangalia imetokana na masomo gani.

Mtahiniwa asitegemee hesabu ya daftarini peke yake. Pointi anazohesabiwa rasmi huonekana katika akaunti yake kwenye tovuti ya uteuzi, na hizo ndizo za kufanyia uamuzi.

KIWANGO CHA MWISHO SI SHERIA

Neno jingine linalowatatiza wengi ni kiwango cha mwisho cha kozi. Wengi hudhani kwamba chuo huketi na kuamua kuwa kozi fulani itahitaji pointi 40. Sivyo. Kiwango hicho ni pointi za mtu wa mwisho aliyepata nafasi mwaka uliotangulia. Kama nafasi zilikuwa 60, ni pointi za mtu wa 60.

Kwa hivyo, kiwango hicho hupanda na kushuka. Waombaji bora wakiongezeka, kitapanda; chuo kikiongeza nafasi, huenda kikashuka. Kozi moja pia huwa na viwango tofauti katika vyuo tofauti. Anayekosa pointi za kusomea kozi jijini Nairobi anaweza kuipata kozi iyo hiyo katika chuo kisichokimbiliwa na wengi.

KUTOKA JAB HADI KUCCPS

Mtihani wa KCSE ulifanywa kwa mara ya kwanza mwaka 1989, chini ya mfumo wa 8-4-4 ulioanza 1985. Kwa miaka mingi, uteuzi wa wanafunzi waliofadhiliwa na serikali ulifanywa na bodi ya pamoja ya vyuo vikuu vya umma, JAB.

Nyakati hizo C+ ilikuwa sifa ya jina tu. Idadi ya wanafunzi ilifungamanishwa na vitanda vilivyopo katika mabweni ya vyuo, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 nafasi za ufadhili zilikuwa takriban 10,000 kwa mwaka. Maelfu waliofikisha C+ na hata B waliachwa nje, na waliobahatika walisubiri nyumbani karibu miaka miwili kabla ya kuripoti chuoni.

Mwaka 1998, Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungua masomo ya kujilipia, maarufu kama mpango sambamba. Aliyekuwa na C+ na fedha angeweza kuketi darasa moja na aliyeteuliwa kwa alama za juu. Kwa familia za wafugaji na wakulima wa Garsen, mlango huo ulikuwa wazi kwa jina tu.

Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012 iliiondoa JAB na kuunda shirika la KUCCPS, linalowateua wanafunzi wa vyuo vikuu na vya kiufundi. Kuanzia 2016, shirika hilo lilianza kuwateua wanafunzi wa serikali katika vyuo vikuu vya kibinafsi pia. Mwaka huo huo, udhibiti wa udanganyifu katika mtihani uliimarishwa na idadi ya waliopata A nchini ikaanguka hadi 141. Matokeo yake ni kwamba kila aliyefikisha C+ angeweza kupata nafasi mahali fulani.

Swali likabadilika. Haikuwa tena kama mtu ataingia chuo kikuu, bali ataingia chuo kipi na kusomea nini. Jibu la swali hilo limo katika pointi za kundi.

MTO, MAFURIKO NA MASOMO

Hesabu hii haimwulizi mtahiniwa alikosomea. Pointi 10 za Kemia ni pointi 10, ziwe zimepatikana katika shule ya kitaifa yenye maabara kadhaa au katika shule ya kutwa iliyozungukwa na maji. Hapo ndipo lilipo jambo zito kwa wakazi wa Tana River.

Kaunti hiyo yenye maeneobunge matatu, Garsen, Galole na Bura, ni miongoni mwa kaunti 14 zilizotajwa na Tume ya Ugavi wa Mapato kuwa zimeachwa nyuma kimaendeleo, na hivyo kustahiki fedha za Hazina ya Usawazishaji iliyoundwa na Katiba ya 2010.

Kila mara Mto Tana unapovunja kingo zake, vijiji vya eneo la delta, kuanzia Ngao na Wema hadi upande wa Kipini, huwa hatarini kukatika na barabara. Mafuriko ya El Nino ya 1997 na 1998 yangali yanakumbukwa. Yale ya 2018 yaliwahamisha maelfu ya watu. Mwishoni mwa 2023 maji yalirejea, na kabla watu hawajatulia, mvua za 2024 zikasababisha kufunguliwa kwa muhula wa pili kuahirishwa kote nchini hadi Mei 13. Kwa shule zilizo penye nyanda za juu, huo ulikuwa ucheleweshaji wa wiki mbili. Kwa mwanafunzi ambaye nyumba yao imebebwa na maji na familia inaishi kambini, kalenda ya wizara haikuwa na maana kubwa.

Ukame nao huja kwa zamu yake. Wafugaji wa Orma na Wardei huhama kutafuta malisho, na mtoto wa kidato cha pili huenda alikosa masomo wakati ule ule wenzake walipokuwa wakichagua masomo ya kuendelea nayo.

Halafu pana kumbukumbu ya 2012. Mnamo Agosti 22 mwaka huo, zaidi ya watu 50 waliuawa katika kijiji cha Riketa, na mashambulizi kati ya jamii za Wapokomo na Waorma yakaendelea hadi Desemba. Serikali ilitangaza amri ya kutotoka nje usiku. Watahiniwa wa KCSE wa eneo hilo walifanya mtihani wao katika miezi iyo hiyo, na karatasi zao zilisahihishwa kwa kipimo kile kile cha nchi nzima.

SHERIA INASEMA NINI

Kifungu cha 56 cha Katiba kinaitaka serikali iweke mipango ya kuhakikisha makundi yaliyotengwa yanapata fursa maalumu katika elimu na uchumi. Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012 nayo inaipa KUCCPS wajibu wa kuzingatia waliotengwa, walio wachache na watu wenye ulemavu katika uteuzi. Tangu enzi ya JAB, wasichana pia waliwahi kupunguziwa kiwango cha kuingilia.

Hata hivyo, ni vyema kuelewa mipaka ya msaada huo. Upendeleo wa aina hii hufanya kazi miongoni mwa waliotimiza masharti ya chini ya kozi. Humsogeza mbele aliyekaribia, lakini haumpi Fizikia mtu ambaye hakuisoma, wala haumwondolei wa sheria sharti la B katika lugha.

Kisha kuna ugumu wa kuamua ni nani anayestahili. Je, ni mzaliwa wa Tana River aliyesomea shule ya kifahari jijini, au ni yule aliyesomea Garsen miaka yote minne?

Mataifa mengine yamepambana na swali hilo. Nchini Uganda, Chuo Kikuu cha Makerere kilianza kuwaongezea wasichana pointi 1.5 mwaka 1990, na tangu 2005 serikali ikatenga sehemu ya ufadhili kwa kila wilaya. Lawama iliyosikika ni kwamba nafasi za wilaya zingeweza kuchukuliwa na watoto waliosomea shule bora za mbali.

Jimbo la Texas, Marekani, lilipitia njia nyingine. Sheria yake ya 1997 iliwahakikishia nafasi katika vyuo vikuu vya umma vya jimbo hilo wanafunzi walio katika asilimia 10 ya juu ya darasa lao, shule iwe tajiri au maskini. Huko mwanafunzi hulinganishwa kwanza na wale walioketi naye darasani, waliokuwa na walimu na vitabu vile vile. Kenya hulinganisha kila mtu na nchi nzima. Njia zote mbili zina kasoro zake, lakini ile ya Texas ina jibu kwa swali la mtoto wa delta: ulifanya nini na ulichokuwa nacho?

AFANYE NINI MWANAFUNZI?

Wakati sera zinajadiliwa, yapo mambo ambayo shule na mzazi wanaweza kufanya.

Kwanza, uchaguzi wa masomo uchukuliwe kwa uzito ule ule wa mtihani wenyewe. Mwanafunzi anayeacha Fizikia kwa kuwa ni ngumu aambiwe wazi ni kozi zipi anaziaga siku hiyo. Vilevile aambiwe kwamba udaktari unaweza kuombwa kwa Hisabati bila Fizikia, asije akakata tamaa bure.

Pili, asipoteze muda kwenye somo moja analolipenda na kuyatupa mengine. Kwa kuwa fomula huzidisha masomo manne na jumla ya saba, udhaifu upande mmoja huvuta chini upande wa pili.

Tatu, wakati wa kuomba, mwombaji wa shahada hupewa chaguo kadhaa, tatu za kwanza zikiwa 1a, 1b na 1c. Si busara kuzijaza zote kwa kozi zinazokimbiliwa na kila mtu. Aweke moja anayoitamani hata kama iko juu kidogo, nyingine zinazolingana na pointi zake, na za mwisho ambazo kwa hakika anazifikia. Alinganishe pointi zake na viwango vya mwaka uliopita, huku akikumbuka kwamba vinaweza kubadilika.

Nne, maombi hufanywa mtandaoni na yana siku ya mwisho. Mwanafunzi anayeishi ng'ambo ya mto, mahali ambapo simu haishiki mawimbi, yumo hatarini kupoteza kwa kuchelewa kile alichokipata kwa kusoma. Shule nyingi hufunga kazi yake na mtahiniwa siku ya karatasi ya mwisho. Ingefaa zimwite tena matokeo yanapotoka ili ajaze fomu mbele ya mwalimu. Anayekosa nafasi katika awamu ya kwanza asikae kimya, kwani hufunguliwa awamu nyingine kwa nafasi zilizobaki.

Tano, aliyekosa C+ hajafika mwisho wa njia. Mwenye C- anaweza kusomea stashahada, mwenye D cheti cha ufundi, na mwenye stashahada nzuri huweza kuendelea hadi shahada.

Mwisho, kuteuliwa si kulipiwa. Mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu (HELB) na ufadhili mwingine wa serikali huombwa kando, kwa kueleza hali ya familia. Wapo walioshangilia uteuzi wakasahau hatua hii.

MTAALA MPYA

Haya yote yanakaribia kubadilika. KCSE ya mwisho ya mfumo wa 8-4-4 inatarajiwa mwaka 2027. Wanafunzi wa mtaala wa umilisi walijiunga na gredi ya 10 Januari 2026, wakiwa tayari wamechagua mkondo mmoja kati ya mitatu: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, au sanaa na michezo.

Kwa mkazi wa Garsen, maana yake ni kwamba uamuzi uliokuwa ukifanywa kidato cha pili sasa hufanywa mapema zaidi, mtoto akiwa bado gredi ya 9. Mzazi anayengoja matokeo ya mwisho ndipo aulize njia ya chuo kikuu atakuwa amechelewa kwa miaka mitatu. Swali la "umepata ngapi?" lina wakati wake. Kabla yake lipo lingine, ambalo linafaa kuulizwa nyumbani na shuleni wakati bado kuna nafasi ya kurekebisha mambo: unasoma masomo gani, na yanakupeleka wapi?